Mchungaji mpya na washirika wapya: maneno yanayosemwa Tabora, na ukweli wake

Mwezi uliopita ushirika wetu wa Moravian hapa Tabora mjini ulimpokea mchungaji mpya, na katika ibada hiyohiyo tukawapokea washirika wapya 17. Mimi ni katibu wa baraza la wazee wa kanisa, ndiye ninayetunza daftari la majina. Wiki nne kabla ya siku hiyo masikio yangu yalijaa maneno: sokoni, kwenye mazoezi ya kwaya, hata msibani watu wakisubiri chakula. Mengine ni ya kupita tu. Mengine yanawafanya watu waliotaka kuja kwetu wabaki majumbani, na hayo siwezi kuyanyamazia.

Dhana: Askofu ndiye anayewapanga na kuwahamisha wachungaji

Najua ilikotoka. Tabora ina Wakatoliki wengi, na kwao padri hupangiwa parokia na askofu wake. Tunaishi nao nyumba kwa nyumba, tunazikana, tunaoana, basi tunadhani na mambo ya ndani ya kanisa yanafanana. Kwetu askofu ni mchungaji wa wachungaji. Anawawekea mikono wanaoingia kwenye huduma, anawaombea, anawashauri. Cheo chenyewe hakimpi kazi ya kuendesha jimbo. Kazi hiyo ni ya Halmashauri Kuu ya Jimbo, nayo inachaguliwa na Sinodi, yaani mkutano mkuu wa jimbo, ambamo wajumbe wasio wachungaji wanakaa na kupiga kura pamoja na wachungaji. Barua ya uhamisho ukiiona, imetoka huko.

Wapo wanaokosea upande wa pili: wanataka kujua kwa nini hatukumpigia kura mchungaji. Nina mpwa anayeishi Marekani, anasali na Waunitariani Wauniversalisti, kanisa huria lililotokana na madhehebu mawili yaliyoungana mwaka 1961. Kule kila ushirika unajitafutia mchungaji wake. Wanaunda kamati ya washirika, inapitia maombi na kuhoji watu, kisha inaleta jina moja. Anayependekezwa anahubiri Jumapili mbili, na wiki iliyo katikati anakutana na makundi yote ya ushirika. Ndipo washirika wanapiga kura. Mshirika mpya naye anatia sahihi kwenye kitabu cha ushirika. Mpwa wangu aliponieleza kwa simu nilimuuliza mara mbili kama hata yule anayefagia kanisa ana kura. "Akiwa mshirika, mjomba, anayo." Ni utaratibu mzuri na nauheshimu. Ila si wetu, na mtu asiwalaumu wazee wa kanisa kwa kutoitisha uchaguzi ambao katiba yetu haina.

Dhana: Aliyeondoka lazima aliharibu mahali

Hapana. Wachungaji wetu huhamishwa kama wanavyohamishwa walimu na wauguzi. Tulimsindikiza mchungaji wetu kwa nyimbo mpaka mizigo ikapakiwa, na wapo waliolia. Anayesema alifukuzwa anamdhulumu mtu asiyekuwepo kujitetea.

Dhana: Siku ya mapokezi ni siku ya mchungaji

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo mambo mengi yanapoharibikia.

Wazee wetu wa imani kule Bohemia, nchi ya Ulaya inayoitwa Czech siku hizi, walikuwa na namna yao ya kuyagawa mambo ya kanisa, na aliyeiweka sawasawa ni Ndugu Luka wa Praha, aliyefariki mwaka 1528. Alitenga mafungu matatu. La kwanza ni mambo ya msingi: Mungu ameumba, ameokoa, anatakasa, na sisi tunamjibu kwa imani, upendo na tumaini. La pili ni mambo yanayohudumia huo msingi, na humo anaingia hata mchungaji, pamoja na mafundisho na sakramenti. Maandiko yenyewe aliyaweka hukohuko. La tatu ni yale ya desturi tu, kama saa ya ibada au rangi ya vitambaa.

Angalia mchungaji yuko fungu gani. Yuko pale kuuhudumia msingi, yeye mwenyewe si msingi. Nikikumbuka hilo naielewa vizuri ibada tuliyoifanya. Mchungaji aliulizwa kama atalihubiri Neno na kuwatunza watu. Alipokwisha kujibu akatugeukia, tukaambiwa tusimame, nasi tukaulizwa kama tutampokea, tutamwombea na kufanya kazi pamoja naye. Tukajibu kwa sauti. Kijana mmoja wa kwaya aliniambia baadaye kwamba alidhani amekuja kushuhudia ahadi ya mtu mwingine, akajikuta na yeye ameahidi.

Humohumo kuna neno lingine linalouma: kwamba siku hiyo asiye na zawadi asije. Baada ya ibada tulikuwa na mnada wa matoleo kama kawaida, karanga, kuku, viazi, dumu la asali. Mtoto wa kike wa miaka kama 8 alileta mayai sita kwenye kipande cha kitenge, amekifunga fundo kwa uangalifu kama anabeba dawa. Yai moja lilikuwa limepata ufa. Mzee aliyekuwa akinadi hakuliondoa. Aliyanadi yote sita, mnunuzi akalipa akayarudisha mezani, wa pili akafanya hivyohivyo, na wa tatu. Fedha zilizotoka kwenye mayai yale zilizidi bei ya jogoo mkubwa tuliyemwuza kabla yake. Zote zikaingia kwa mweka hazina na kuandikiwa stakabadhi, kwa sababu matoleo ya mnada ni ya ushirika. Hayakwenda mfukoni mwa mchungaji.

Dhana: Mama mchungaji naye ameajiriwa

Hajaajiriwa. Hakuna barua ya kazi iliyoandikwa jina lake. Akipenda kuimba ataimba, akipenda kuongoza akina mama wamchague kama wanavyomchagua mwingine. Mwacheni kwanza afungue mabegi.

Dhana: Kanisa linalompokea kila mtu halina msimamo

Neno hili nililisikia kwa ndugu wa madhehebu mengine, na linaniumiza kuliko yote. Wanasema Moravian ni laini, kila mtu anaingia. Husema hivyo kwa sababu ya ule usemi tunaoupenda: katika yaliyo ya msingi, umoja; katika yasiyo ya msingi, uhuru; katika yote, upendo. Wanasikia neno uhuru wanaishia hapo.

Mizizi yetu ni Jan Hus, mhubiri wa Bohemia, aliyechomwa moto mjini Konstanz tarehe 6 Julai 1415 kwa sababu alikataa kuyakana aliyoyafundisha. Waliomfuata wakaunda Umoja wa Ndugu, ndio kanisa letu la Moravian, mwaka 1457. Wakateswa, wakatawanyika, na mwaka 1722 baadhi yao wakakimbilia Ujerumani kwenye shamba la bwana mmoja mwenye ardhi, Zinzendorf, na kuanza kijiji cha Herrnhut. Watu wa namna hiyo huwezi kusema hawana msimamo.

Sasa tazama kilichowapata Herrnhut, maana ndicho kinachotuhusu. Kijiji kilipokea kila mwenye kukimbia: Ndugu kutoka Moravia, jirani ya Bohemia, Walutheri, Wareformati wanaofuata mafundisho ya Calvin, na wengine. Baada ya miaka michache wakagombana vibaya, kila kundi likiona lenzake limepotoka. Hawakufukuzana. Mwaka 1727 walikaa, wakaandika kanuni za kuishi pamoja, wakatembeleana nyumba kwa nyumba, na tarehe 13 Agosti mwaka huohuo wakashiriki Meza ya Bwana pamoja na kusameheana. Tarehe hiyo tunaikumbuka mpaka leo. Miaka mitano tu baadaye walikuwa wametuma wamisionari wao wa kwanza, kwenda kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas, kule Karibi.

Mlango wazi ni msimamo. Tena ni mgumu kuliko kufunga, kwa sababu unaupata ugomvi ndani ya nyumba yako na inabidi uutatue.

Dhana: Washirika wapya wanabatizwa upya, na kanisa jipya linahesabu "limewateka"

Kati ya wale 17, watatu walikuwa na ubatizo wa Kikatoliki na wawili wa Kianglikana. Hakuna aliyeguswa na maji. Aliyebatizwa kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu amebatizwa, basi. Wengine walikuja na barua za uhamisho kutoka shirika nyingine za Moravian, za Urambo na Sikonge. Vijana wanne walikuwa wamemaliza mafundisho ya kipaimara. Mmoja tu ndiye aliyebatizwa siku ile, mzee wa miaka 60 na kitu ambaye hakuwahi kuwa na dini yoyote aliyoiandika kwenye fomu.

Kuhusu kuteka: mama mmoja ameolewa kwetu, dada zake wote wako parokiani, na siku ya mapokezi walikaa mstari wa pili wakampigia vigelegele vya kuvunja paa. Sijui nani aliyetekwa hapo.

Dhana: Ushirika ni wa wenyeji, wanaohamia ni wageni wetu

Nani mwenyeji? Mwaka 1879 daktari wa London Missionary Society, shirika la wamisionari la Uingereza, aitwaye Ebenezer Southon alifika Urambo, akiwa mgeni mtupu, na Mtemi Mirambo, mtawala wa huko, akampokea akampa mahali pa kukaa. Mirambo hakuwa Mkristo na hakuwahi kuwa. Southon alifia hukohuko mwaka 1882. Karne ile ikielekea kwisha, kituo hicho wakakabidhiwa Wamoravian, na kutoka hapo kanisa likaenea Unyamwezi. Wale nao walikuwa wageni. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mtemi angemfungia Southon mlango sijui leo ningekuwa katibu wa nini.

Na kuna wale waliokuja kutoka Burundi wakikimbia mauaji ya mwaka 1972, wakapewa ardhi Ulyankulu, wakalima mapori yale yakawa mashamba. Wengi wao ni raia wa Tanzania sasa, kwa hati. Mmoja wa washirika wetu wapya amezaliwa Ulyankulu, na bado kuna mtu aliyemuuliza mlangoni, "Wewe mgeni umetokea wapi?" Akajibu kwa upole kwamba ametokea mkoa huuhuu.

Dhana: Wakisimamishwa na kupigiwa makofi, wamepokelewa

Mwaka 1994 nilishuka kwenye treni nikitokea Nguruka, nikiwa na barua yangu ya uhamisho ndani ya Biblia isije ikakunjika. Ushirika niliokwenda wakati ule, ambao si huu, walinisimamisha, nikataja jina, wakapiga makofi matatu ya kanisa. Nikakaa. Miezi mitatu nzima nikawa naingia na kutoka, napeana mikono mlangoni, na hakuna aliyejua nalala wapi. Sikuwa na chuki nao. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshanikaribisha.

Mwezi wa nne bibi mmoja alinisubiri chini ya mwembe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unakaa wapi?"

"Isevya."

"Na jioni unakula na nani?"

Sikuwa na jibu. Jioni ile nilikula ugali wa muhogo na kisamvu nyumbani kwake, Ng'ambo, na wajukuu zake wakanicheka nilivyokuwa nakula kwa haraka. Hakuwa mzee wa kanisa, hakuwa kwenye kwaya. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwenye daftari siku nyingi, lakini mimi nahesabu nilipokelewa siku ile.

Kwa hiyo safari hii, kwenye daftari letu, nimechora kwa rula safu moja ya ziada baada ya jina, mtaa na namba ya simu. Juu yake nimeandika: Nani amekwenda kwake? Mchungaji mpya aliposikia aliomba apewe majina ya mbali, kwa vile naye ndio anaujifunza mji. Mpaka leo asubuhi safu ina majina 14. Zimebaki nafasi tatu, mbili za Cheyo na moja ya Kwihara. Baiskeli yangu ina pancha tairi la nyuma. Fundi amesema niifuate Ijumaa, na Jumamosi tunakwenda.