Je, wajua kwa nini timu iliyoshinda mechi zote 13 ilinyimwa nafasi ya kuwania ubingwa?

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, wachezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida (Florida State) walikaa mbele ya televisheni mjini Tallahassee wakisubiri jina la timu yao litajwe. Usiku uliotangulia walikuwa wametwaa ubingwa wa ligi yao, ACC, mojawapo ya ligi ambamo timu za vyuo zimegawanywa. Msimu mzima walikuwa wamecheza mechi 13 na kushinda 13. Yakasomwa majina manne ya watakaowania ubingwa wa taifa: Michigan, Washington, Texas na Alabama. La kwao halikuwemo. Texas na Alabama, kila moja ilikuwa imepoteza mechi moja.

Mtu aliyezoea Ligi Kuu ya Tanzania Bara hawezi kulielewa jambo hili kwa haraka. Huku timu 16 zinakutana zote, nyumbani na ugenini, kila moja inafikisha mechi 30, na mwenye pointi nyingi anabeba kombe. Hakuna kikao kinachokaa kumchagua bingwa.

Futiboli ya vyuo vya Marekani, ule mchezo wa helmeti na mpira uliochongoka ncha mbili, haiwezi kwenda hivyo. Mwaka 2023 daraja la juu lilikuwa na timu 133. Mchezo wenyewe ni wa kugongana miili kwa nguvu zote, kwa hiyo timu hucheza kwa kawaida mara moja kwa wiki, mechi 12 kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba. Wanaofika fainali ya ligi yao huongeza ya 13. Fanya hesabu mwenyewe: timu nyingi hazitakutana kabisa. Sasa aliyetamba kusini na aliyetamba magharibi unawapimaje, ikiwa hawajawahi kugusana?

Jibu la Wamarekani kwa miaka mingi lilikuwa kura. Tangu 1936 waandishi wa habari wa michezo wamekuwa wakizipanga timu kila wiki kupitia shirika la habari la AP, na aliyemaliza juu aliitwa bingwa. Penn State ilimaliza bila kufungwa mwaka 1968, ikarudia 1969, na mara zote mbili kura za AP zikaenda kwa wengine. Kuanzia 1998 ukaja mfumo wa BCS, uliochanganya kura na hesabu za kompyuta ili kupata timu mbili za kucheza fainali. Mwaka 2004 Auburn ilishinda kila mechi, lakini USC na Oklahoma nazo hazikuwa zimefungwa, na nafasi ni mbili. Auburn ikabaki nje. Ndipo 2014 ikaanza kazi kamati ya watu 13 ya kuchagua timu nne.

Hapo ndipo Florida State iliponaswa. Kamati ile iliagizwa kutafuta timu nne zilizo bora. Agizo hilo halisemi timu zilizoshinda zaidi, na tofauti ya maneno hayo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tena mwongozo wake uliiruhusu kuangalia kama mchezaji muhimu atakosekana katika mechi zilizobaki.

Mchezaji muhimu alikuwa Jordan Travis. Yeye alikuwa kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira mwanzo wa karibu kila shambulio na kuamua aurushe, aukabidhi kwa mwenzake au akimbie nao. Akiwa uwanjani, timu iliifunga LSU 45 kwa 24 mwanzoni mwa Septemba, kisha ikaenda kwa Clemson na kushinda 31 kwa 24 katika muda wa nyongeza. Tarehe 18 Novemba, dhidi ya North Alabama, timu ambayo kila mtu alijua itafungwa, Travis alivunjika mguu. Wiki iliyofuata msaidizi wake aliongoza ushindi wa 24 kwa 15 nyumbani kwa mahasimu wao, Chuo Kikuu cha Florida, naye akaumia kichwa. Fainali ya ACC ikaanzwa na kijana wa mwaka wa kwanza, Brock Glenn. Mashambulizi yalikuwa mazito kutazama, lakini safu ya ulinzi ilisimama kama ukuta, wakaifunga Louisville 16 kwa 6.

Mwenyekiti wa kamati, Boo Corrigan, alieleza kwamba bila Travis ile ilikuwa timu nyingine. Siku ileile ya fainali Alabama ilikuwa imeifunga Georgia 27 kwa 24 na kukata mfululizo wake wa ushindi 29, na Texas ilikuwa imeifunga Alabama kwenye uwanja wa Alabama yenyewe mwezi Septemba. Huwezi kumchukua Alabama ukamwacha aliyemfunga. Nafasi zikaisha.

Naielewa hoja yao, ila naikataa. Mechi mbili zilichezwa bila Travis na Florida State ilishinda zote mbili. Kamati iliweka pembeni yaliyotokea ikahukumu yale iliyodhani yatatokea. Travis mwenyewe aliandika kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi msimuni, ili watu waone kwamba timu ile haikuwa yeye peke yake. Kijana ana mguu uliovunjika, na bado anajilaumu kwa tarehe ya kuumia.

Watetezi wa kamati hupenda kukumbusha Orange Bowl, mechi ya mwaliko ya mwisho wa msimu, tarehe 30 Desemba, Georgia ilipoicharaza Florida State 63 kwa 3. Kipigo hicho ni cha kweli, lakini wachezaji zaidi ya 20 wa Florida State hawakucheza siku hiyo: wapo waliokuwa majeruhi, waliohama chuo, na waliokuwa wakilinda miili yao kwa ajili ya ligi ya kulipwa. Kikosi kile sicho kilichoshinda mechi 13. Ubingwa ulichukuliwa na Michigan, iliyoifunga Washington 34 kwa 13 mjini Houston tarehe 8 Januari 2024.

Uamuzi wa kupanua mashindano kutoka timu 4 hadi 12 ulikuwa umeshapitishwa tangu 2022, ila ulianza kutumika msimu wa 2024. Kwa utaratibu wa msimu huo mabingwa watano wa ligi wenye nafasi za juu waliingia moja kwa moja, kwa hiyo Florida State ya 2023 isingehitaji huruma ya mtu. Mlango ulipofunguliwa, timu ilikuwa imeshasambaratika: ilishinda mechi 2 na kupoteza 10. Travis alisajiliwa na New York Jets, lakini mguu haukupona sawasawa. Mwishoni mwa Aprili 2025 alitangaza kustaafu, bila kucheza hata mechi moja ya ligi ya kulipwa.