Taa ya LED kubaki na mwanga si dalili kwamba rilei imeungua

Taa ndogo ya LED ikibaki na mwanga hafifu baada ya rilei ya kielektroniki (swichi inayowashwa na kuzimwa kwa ishara ya umeme) kuzimwa, mafundi wengi wa Mombasa hutoa hukumu moja: rilei imeungua, nunua nyingine. Mara nyingi ni nzima, na hiyo mpya itafanya vilevile.

Rilei hii haina ncha za chuma zinazoachana. Ndani mna triaki, yaani swichi ya semikonda, na nyingi zina kapasita na rezista za kuilinda. Hapo, kwenye umeme wetu wa volti 240, huvuja mkondo wa miliampea chache hata ikiwa imezimwa. Pasi haitambui, LED ya wati 3 hutosheka nazo, ikang'aa au kumetameta.

Jaribu balbu ya aina ya zamani, ya waya unaowaka, ya wati 60 mahali pa LED. Ikizimika kabisa, rilei haina kosa. Isipozimika, ndiyo imeungua kweli.

Dawa ni rezista ya kilo-omu 4.7 sambamba na taa, si na rilei. Itakula wati 12 hivi, basi chukua ya wati 25, mbali na plastiki. Wati 12 kuhudumia taa ya wati 3 ni kichekesho, bila shaka. Kwa taa moja, rilei ya koili, ile yenye ncha za chuma zinazoachana, ni bora. Na zima swichi kuu kabla ya kugusa waya: rilei iliyozimwa bado hurusha mtu.