Kichocho Malindi: yanayosemwa, na yanayofanywa na ngozi ya mnyoo

Katika vijiji vya kandokando ya mto Sabaki, ndani ya Malindi, mtoto wa kiume akikojoa damu bado wapo watu wazima wanaosema kuwa amebaleghe. Hakuna dhana inayonisikitisha kuliko hiyo, kwa kuwa inamnyima mtoto matibabu huku ikimpongeza. Damu hiyo, inayoonekana hasa katika matone ya mwisho ya mkojo, ni ya kichocho, na kinacholeta madhara makubwa ni mayai ya mnyoo bapa aitwaye Schistosoma haematobium, si mnyoo kutafuna kibofu kama wengi wanavyodhani. Yai lina mwiba mmoja nchani, lakini haliutegemei mwiba peke yake. Kiini chake kilicho hai hutoa protini zinazochuja kupitia ganda na kuziamsha chembe za kinga, na ni chembe hizohizo za mgonjwa zinazosaidia kulisukuma yai lipenye ukuta wa kibofu. Yale yanayokwama huzingirwa, makovu hujengeka, na baada ya miaka mingi saratani ya kibofu inaweza kufuata.

Wapo pia wanaoamini kuwa aliyechemsha maji ya kunywa amesalimika. Maji yachemshwe, kwani yana maradhi mengine, ila kichocho hupitia ngozini. Mtoto anayeteka maji lamboni, yakimfika magotini, huambukizwa bila kumeza hata tone. Lava, yaani mtoto wa mnyoo huyo, aliyetoka kwa konokono wa maji baridi (bahari haina kosa hapa, maana konokono hao hawaishi kwenye maji ya chumvi) akishagusa ngozi humwaga vimeng'enya kutoka tezi zake, huyeyusha protini za ngozi, hupenya kwa dakika chache tu na kuuacha mkia wake nje.

Dhana ya kuwa mwili wenye nguvu utamuua mnyoo wenyewe ndiyo inayohitaji maelezo marefu zaidi. Mnyoo mpevu hukaa ndani ya mishipa ya damu, mbele ya kingamwili zote, na kwa kawaida huishi miaka 3 hadi 10, pengine zaidi ya 30. Siri iko katika ngozi yake: ni tabaka lililo hai, lililofunikwa kwa tando mbili zilizolaliana, ambalo hujifanya upya daima na kujivika molekuli za mwenyeji wake, zikiwemo zile za kundi la damu. Mwaka 1969 watafiti Smithers, Terry na Hockley walieleza kuwa minyoo iliyokulia ndani ya panya, ikihamishiwa kwa nyani wa kawaida, iliendelea kuishi. Ikihamishiwa kwa nyani waliokwisha kuchanjwa dhidi ya chembe za damu ya panya, ilikufa. Kinga ya nyani hao ilimshambulia mnyoo kwa sababu alikuwa amevaa vazi la panya.

Dawa ya prazikwanteli hulichanachana vazi hilo: mnyoo hukakamaa, ngozi yake hupasuka, na protini zilizofichika hufichuka mbele ya kinga, ambayo husaidia kuikamilisha kazi. Hata hivyo, si kweli kwamba aliyemeza vidonge mara moja amekingwa. Minyoo michanga huihimili dawa, na anayerudi lamboni huambukizwa upya. Chanjo bado haipo. Ile iliyotengenezwa kwa protini ya mnyoo huyuhuyu, 28GST, ilijaribiwa kwa watoto wa Senegal, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa haikuwakinga.

Wala mkojo usio na wekundu si ushahidi kuwa mtu ni mzima. Mnyoo huyu hana tundu la haja; mabaki ya damu aliyokula huyatapika, pamoja na molekuli za utumbo wake zinazoweza kupimwa katika damu au mkojo wa mgonjwa. Panapotegemewa darubini, mkojo utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi.