Kabla hujaomba petroli ya bei ya juu, soma kifuniko cha tenki

Haiishi wiki karakanani kwetu bila mtu kuingia na gari, akazima injini, akashuka na lalamiko lile lile: "Fundi, hili gari linakunywa." Mara nyingi ni Harrier, RAV4, X-Trail, Forester au Prado, na karibu zote zimetoka Japani zikiwa zimeshatumika. Swali linalofuata nalo nalijua. "Nikianza kuweka ile petroli ya bei ya juu, itapungua?"

Mimi ni mkufunzi wa ufundi wa magari chuoni, na siku hizi swali hilo nalijibu kwa kufungua kile kimlango cha tenki. Ndani yake, au kwenye kifuniko chenyewe, mara nyingi kuna maandishi ya Kijapani ambayo mwenye gari amepishana nayo kila alipokwenda sheli. Ukiona レギュラー, gari lako limetengenezewa petroli ya kawaida. Huna haja ya kujua Kijapani: herufi ya kwanza inafanana na vema ya mwalimu kwenye daftari. Ukiona プレミアム, linataka petroli ya okteni ya juu. Herufi ya kwanza ina kiduara kidogo begani, kama sifuri. Wajapani wana neno jingine kwa petroli hiyo hiyo, ハイオク, nalo huanza kwa vijistari viwili vilivyoinamiana kama paa la nyumba. Alama mbili zinazotangulia mara nyingi, 無鉛, maana yake ni "isiyo na risasi" tu, zisikutishe. Ila ukikuta 軽油, mzuie mhudumu haraka, hiyo ni dizeli.

Sasa okteni ni nini? Ndani ya silinda, pistoni hubana mchanganyiko wa hewa na petroli kabla plagi haijatoa cheche. Kitu kikibanwa hupata joto, na petroli ikizidiwa na joto hilo baadhi yake hujilipukia yenyewe badala ya kusubiri moto wa cheche uifikie. Hapo ndipo tunaposema injini inagonga, na mlio wake unafanana na kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Namba ya okteni hupima uvumilivu wa petroli katika kubanwa huko. Waliotunga kipimo walichukua kimiminika kimoja kivumilivu, iso-okteni, wakakipa 100, na kingine chepesi cha hasira, heptani, wakakipa 0.

Kwa hiyo namba hiyo haihusu nguvu wala utamu wa mafuta. Lita ya okteni 95 haibebi nishati zaidi ya maana kuliko lita ya 91. Injini isiyobana sana haitumii uvumilivu wa ziada unaouwekea, sawa na mtu aliyekaa sebuleni ukampelekea mwavuli. Ataushukuru, lakini hakuwa analowa.

Majina nayo yanachanganya watu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaiita petroli yetu ya kila siku "premium motor spirit", na Kenya bei inayotangazwa na mamlaka ya nishati, EPRA, kila tarehe 14 ni ya "super", ambayo ndiyo petroli ya kawaida ya huko. Tanzania mamlaka ya nishati na maji, EWURA, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nasi tunaiita petroli tu. Ile ya bei ya juu unayoikuta kwenye baadhi ya vituo huwa na jina lake la biashara. Muulize mhudumu kilichoongezwa ni okteni au ni dawa ya kusafisha injini, maana ni vitu viwili tofauti na vinaweza kuuzwa kwa jina moja. Kama hawezi kukujibu, hujui unachokilipia.

Mwenye kitabu cha gari la soko la Marekani aangalie jambo moja zaidi. Wamarekani huandika wastani wa vipimo viwili, ndiyo maana 87 yao inakaribiana na 91 ya RON, kipimo cha okteni kinachotumika kwetu. Nimewahi kumwona kijana akihangaika kutafuta petroli "dhaifu" ya 87 mjini Dar es Salaam kwa sababu kitabu kimesema hivyo.

Hao Wamarekani walishalipima jambo hili vizuri. Mwaka 2016 chama chao cha wenye magari, AAA, kilijaribu petroli ya okteni ya juu kwenye magari yaliyotengenezewa ya kawaida, kisikute faida ya maana katika nguvu wala katika ulaji wa mafuta. Mwaka uliofuata wakapima magari ambayo mtengenezaji anaipendekeza ile ya juu bila kuilazimisha. Ulaji uliboreka kwa wastani wa asilimia 2.7, wakati tofauti ya bei huko ilikuwa asilimia 20 hadi 25. Piga hesabu hiyo kwa shilingi zako. Tuseme bei inapishana shilingi 200 kwa lita: tenki la lita 50 limekwenda na shilingi 10,000 zaidi.

Wapo wanaopaswa kulipa, na hawa huwa siwabembelezi. Forester yenye turbo, ile XT, na X-Trail GT yenye turbo zimeandikiwa okteni ya juu. Turbo huisukumia injini hewa nyingi, mbano na joto vikapanda. Ukiiwekea petroli isiyovumilia, kihisi cha kugonga huiambia kompyuta ya gari icheleweshe cheche. Injini inajiokoa, lakini nguvu inapungua, wewe unakanyaga zaidi, na ile akiba uliyodhani umeipata sheli inaishia kwenye bomba la moshi. Magari mengi ya Ulaya nayo huandikwa 95 kwenye kimlango kama kiwango cha chini.

Mahali pa kuligundua hilo ni mlima Kitonga, Iringa, saa nane mchana: gari limejaa watu na mizigo, kiyoyozi kinafanya kazi, na lori liko mbele yako. Kwenye foleni ya Mwenge injini haibebi mzigo mkubwa, haitalalamika. Na kadiri unavyopanda juu hewa inakuwa nyepesi na mbano halisi unapungua, ndiyo maana gari lisilo na turbo linalogonga Dar es Salaam linaweza kutulia likifika Mbeya au Nairobi.

Nirudi kwa wanaolalamika. Mama mmoja alituletea Harrier ya cc 2400, vema ya mwalimu ikionekana wazi kwenye kimlango. Alikuwa ameshaweka petroli ya bei ya juu miezi mitatu na alihisi "limekuwa jepesi". Sikubishana naye, nilimwomba apime. Unajaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, unarudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, unaendesha kama kawaida, kisha unajaza tena kwenye pampu ile ile mpaka ijikate. Kwa mfano, kilomita 412 kwa lita 46.8 ni kilomita 8.8 kwa lita. Mara moja haitoshi, kwa sababu foleni za wiki hii si za wiki ijayo. Fanya mara tatu kwa kila petroli. Na kama umefunga matairi makubwa kuliko ya awali, kihesabu chako kinasoma umbali mdogo kuliko uliokwenda. Wapo wanaolaumu injini ilhali kosa ni la hesabu.

Mama alirudi na karatasi. Petroli ya kawaida, 6.8. Petroli ya juu, 6.8. Kwa Harrier hiyo zote mbili ni mbaya.

Asubuhi iliyofuata nililiwasha likiwa baridi, nikazunguka nalo nusu saa. Mshale wa joto ulipanda kidogo, ukagoma kufika katikati. Tukafungua njia ya maji: themostati, kile kidude kinachozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, haikuwepo. Fundi fulani alikuwa ameitoa zamani, kwa ile hoja yetu maarufu kwamba nchi hii ni ya joto, themostati ni ya Wazungu. Matokeo yake injini haifiki joto lake la kazi, kompyuta inaamini bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada kama ya kuamsha injini. Hakuna okteni inayotibu hilo.

Matairi yake yalikuwa na upepo wa psi 24 wakati kibandiko cha mlangoni kinasema 32. Tuliyajaza, ingawa nitasema ukweli: vipimo vya serikali ya Marekani vinaweka hasara kwenye asilimia 0.2 kwa kila psi moja inayopungua, kwa hiyo pale palipotea chini ya asilimia mbili. Upepo mdogo unaua matairi zaidi ya tenki. Mlaji mkubwa ni mguu wako. Kukanyaga kwa pupa na kufunga breki ghafla kwenye foleni kunaweza kula asilimia 10 hadi 40 kwa vipimo hivyo hivyo. Boksi la mizigo juu ya paa linakula asilimia 6 hadi 17 ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu. Gari lililosimama linaunguruma, ukimsubiri mtoto shuleni, hutumia takriban lita moja hadi mbili kwa saa kutegemea injini na kiyoyozi.

Kuna hali moja ambapo petroli yenyewe ndiyo ya kulaumiwa, nayo ni kuchakachuliwa. Mafuta ya taa hushusha okteni sana. Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya kuyachanganya, na Tanzania petroli huwekwa vinasaba ili wakaguzi waitambue iliyochezewa. Gari ambalo halijawahi kugonga likianza kugonga siku hiyo hiyo uliyojaza, usikimbilie chupa za kuongeza okteni za dukani. Baadhi zina madini yanayoacha kutu nyekundu kwenye plagi. Tunza risiti yako ya EFD, ile ya mashine ya kodi, maana bila hiyo huna pa kuanzia kulalamika.

Mama wa Harrier alinunua themostati mpya, akarudi petroli ya kawaida, na tenki la tatu likampa 8.1. Keria iliyo juu ya paa amekataa kuitoa. Anasema Desemba si mbali, na Moshi haiendwi mikono mitupu.