Ukoko mweupe kwenye birika si dawa ya maji

Hapa Tabora, watu wengi wakiona ukoko mweupe ndani ya birika husema ni klorini, ile dawa ya maji. Sivyo. Maji yakichemka, klorini hutoka na mvuke. Ukoko ule ni kalsiamu kaboneti, madini yanayoyeyuka maji yanapopita kwenye miamba, na hayamdhuru mnywaji. Dondoshea siki uone unavyotoka povu.

Linaloshangaza zaidi: mitambo ya kulainisha maji huyaondoa madini hayo kwa kutia chokaa iliyozimwa (chokaa iliyochanganywa na maji), ambayo yenyewe ina kalsiamu! pH (kipimo cha asidi na alkali katika maji) hupanda hadi 10 au zaidi, kalsiamu hujitenga na kutuama kama tope jeupe. Kisha hupulizwa kaboni dioksidi kuishusha pH, maji yakachujwa. Klorini bado inahitajika, tafadhali msiiogope: ndiyo inayoua vijidudu.