Kusasisha BIOS bila flopi: yanayosemwa na ukweli wake

Maelekezo ya kusasisha BIOS, programu ya msingi inayowasha kompyuta, kwa mashine nyingi za miaka ya 1990 huanza vilevile: tengeneza flopi ya kubuti (diski laini ya kuwashia kompyuta), nakili faili za BIOS, washa mashine. Mtu asiye na kiendeshi cha flopi akisoma hapo hukata tamaa, na kompyuta ambayo ingefanya kazi miaka mingine kadhaa inawekwa stoo. Inaniuma, kwa sababu kizuizi chenyewe mara nyingi hakipo.

Dhana ya kwanza ni kwamba bila flopi haiwezekani. Flopi ilikuwa chombo cha kubebea DOS tu, yaani mfumo endeshi wa zamani wa amri za maandishi. Anayeandika BIOS mpya kwenye chipu ya ubao mama ni programu ndogo inayoendeshwa ndani ya DOS, nayo haijali DOS hiyo imetoka wapi. Programu ya Rufus, kwa mfano, huweka FreeDOS, ambayo ni DOS ya bure, kwenye flashi. Ukishanakili humo programu ya kuandikia na faili ya BIOS, unabuti kutoka kwenye flashi hiyo. Mashine ikiwa kongwe kiasi cha kutobuti kwa USB, jaribu CD. Kiwango cha El Torito cha mwaka 1995, kinachoeleza jinsi kompyuta inavyobuti kwa CD, kinaruhusu CD kubeba taswira ya flopi ya MB 1.44 (nakala yake kamili katika faili moja), na kompyuta ikaiona kama kiendeshi A. Penye Linux, memdisk, programu ndogo inayokuja na kibutishi cha Syslinux, hupakia taswira hiyohiyo moja kwa moja kwenye RAM. Kwa njia yoyote, buti DOS tupu: EMM386 na wasimamizi wengine wa kumbukumbu wasipakiwe, maana wanaweza kuvuruga uandishi.

Wengine huamini flashi yoyote inatosha. Kwenye mashine za UEFI, mrithi wa BIOS ya zamani, ambazo nyingi zina kisasishi ndani ya ukurasa wa mipangilio, DOS haihitajiki kabisa, lakini flashi iwe imeumbizwa kwa FAT32. Ikiwa kwa NTFS, mpangilio mwingine wa mafaili, mara nyingi kisasishi hakioni kitu, na mwenye mashine huilaumu faili iliyo nzima.

Kwa watumiaji wa Linux, programu ya fwupd hupakua masasisho kutoka LVFS, hazina yake ya mtandaoni, mradi mtengenezaji ameyaweka huko. Flashrom, programu inayoandika chipu moja kwa moja, ipo pia, ila kwenye kompyuta za mpakato sishauri: baadhi yake hutumia chipu hiyohiyo kwa kidhibiti cha kibodi na betri, na kuiandika kiholela kunaweza kuizima mashine.

“Modeli inafanana, faili itaingia.” Hapana. Bao mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana toleo, na toleo huchapishwa kwenye ubao wenyewe. Lisome hapo, usilikisie.

Kuhusu hofu ya kupoteza mafaili: kusasisha BIOS hakugusi diski. Lakini kama Windows imefungwa kwa BitLocker, kinga yake ya kusimba diski, simamisha kwanza kinga hiyo kwa muda, la sivyo huenda ukadaiwa ufunguo wa tarakimu 48 usiojua ulipo.

Kuna dhana moja yenye chembe ya ukweli: umeme ukikatika katikati, mashine imekufa. Bao nyingi huwa na sehemu ndogo ya kuanzia ambayo kwa kawaida haiguswi wakati wa kusasisha, na hiyo hutafuta faili ya uokoaji. Kwenye bao za zamani zenye BIOS ya kampuni ya Award, hutafuta kwenye flopi tu. Hapo ndipo kiendeshi cha flopi kinapohitajika kweli, na bao hizo kwa kawaida bado zina soketi yake ya pini 34, kwa hiyo cha kuazima kinatosha. Sehemu hiyo nayo ikiharibika, chipu huandikwa kwa kifaa cha nje kama CH341A ikiwa ni ya SPI, aina ya chipu ya kisasa zaidi. Zile za zamani zilizokaa kwenye soketi huchomolewa na kuandikwa upya au kubadilishwa. Ndivyo zilivyorudishwa bao zilizofutiwa BIOS na virusi vya kompyuta vya CIH mwaka 1999.