Kupoteza Wokovu Maana Yake Nini Hasa?

Hapa Mombasa hili swali hurudi kila baada ya krusedi, ule mkutano mkubwa wa injili, pale uwanja wa Tononoka. Mtu ameokoka, amelia, amebatizwa, halafu miezi kadhaa mbele karudi kwa maisha yake ya kitambo, sasa je, huyo bado ameokoka ama wokovu ushampotea? Jibu utakalopewa linategemea umeuliza kanisa gani, manake makanisa yenyewe hayajakubaliana na hawakuanza kubishana juzi.

Tuanze na maana. Kupoteza wokovu ni kwamba mtu aliyeokoka kikweli, aliyesamehewa na kuzaliwa mara ya pili, anaweza kufika mahali akawa nje kabisa kama ambaye hajawahi kuokoka. Kuacha kwaya au kukosa ibada Jumapili kadhaa si hicho. Hiyo wapendwa huiita kurudi nyuma, na kurudi nyuma ni kitu kimoja, kuasi imani ni kingine, yaani kumkana Kristo ukijua unachofanya. Mabishano mengi ninayosikia yanachanganya hivi viwili, mmoja anamuongelea ndugu aliyenaswa na pombe, mwenzake anamuongelea aliyeiacha imani yote, na wanarushiana mistari tu hapo bila kusikizana.

Wapresbiteri na wengine wanaofuata mafundisho ya Calvin, mmoja wa viongozi wa Uprotestanti wa mwanzo, pamoja na Wabaptisti wengi, wanasema haiwezekani. Mungu akimuokoa mtu anamhifadhi mpaka mwisho. Mstari wao mkubwa ni Yohana 10:28, "wala hawatapotea kamwe, wala hakuna mtu atakayewapokonya katika mkono wangu." Ndo msimamo uliopitishwa na sinodi ya Dort, mkutano mkuu wa kanisa kule Uholanzi, 1618 hadi 1619, kuwajibu wafuasi wa Arminius, mwanateolojia wa huko huko, ambao 1610 walikuwa wameandika hoja zao tano, na kwa hili la kupotea walisema tu lichunguzwe zaidi kwa Maandiko, baadaye ndo wakasimama wazi kwamba inawezekana. Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, akashika upande huo, na Wamethodisti wenyewe, ambao misheni yao hapa pwani ilianzia Ribe 1862, wako nao mpaka leo, na Wapentekoste wengi pia. Wakatoliki wana njia yao: mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, 1547 ulifundisha kwamba dhambi ya mauti inaondoa neema ndani ya mtu, na kitubio, yaani sakramenti ya kuungama dhambi, kinairudisha.

Sasa chukua mtu wa hapa hapa kwetu. Yusuf bin Hasan, mtoto wa sultani wa Mombasa, Wareno walimchukua akiwa mdogo wakampeleka Goa, koloni lao kule India, akabatizwa akaitwa Jerónimo, akarudi kutawala kama mfalme Mkristo. Agosti 1631 akaingia Fort Jesus, akamuua kapteni wa Wareno, akatangaza amerudi kwa Uislamu. (Siileti kumchokoza jirani yeyote Muislamu, ni historia ya mji wetu sote.) Je, alipoteza wokovu? Mfuasi wa Calvin atakwambia hakuwahi kuwa nao, atakufungulia 1 Yohana 2:19, "Walitoka kwetu, lakini hawakuwa wa kwetu." Mmethodisti atasema kama aliamini kwa moyo basi aliacha kitu cha kweli. Mkatoliki atasema ubatizo haufutiki lakini neema aliikataa. Mimi naona hapo ndo utaona pande hizi haziko mbali vile watu wanadhani, manake hakuna hata mmoja anayesema mtu amkane Kristo mpaka kufa na bado yuko sawa, wanachopishana ni kueleza nini kilitokea nyuma.

Mimi naegemea upande wa kuhifadhiwa, na najua Waebrania 6:4-6 ni ngumu kwetu, inawataja watu waliopewa nuru, wakashiriki Roho Mtakatifu, wakaanguka, na kwamba haiwezekani kuwafanya upya tena hata wakatubu. Siwezi kujifanya haipo. Lakini wale wanaosema fundisho hili la kuhifadhiwa linatupa leseni ya kutenda dhambi, Paulo mwenyewe aliliuliza swali kama hilo, Warumi 6, akajibu "Hasha!"

Kinachoniuma ni vijana wanaoongozwa sala ya toba kila krusedi, wakiamini kila kosa limewafuta mbinguni, mtoto wa watu anatukana kwa matatu Jumatatu na kufika Ijumaa ashajihesabu wa motoni. Hakuna mafundisho ya upande wowote kati ya hizi yanayosema hivyo. Petro alimkana Bwana mara tatu, hata kwa kiapo, na Yohana 21 inamuonyesha akilishwa samaki na kupewa kazi. Onyo la Waebrania liliandikwa kwa waumini waliokuwa wanasukumwa na mateso waachane na Kristo, si kwa mtu anayelia akitaka kurudi, na mhubiri akilisoma kwa spika pale uwanjani asiishie mstari wa 6, asome mpaka wa 9, "Lakini, wapenzi, ijapokuwa twanena hayo, katika habari zenu tumesadiki mambo yaliyo mazuri zaidi, na yaliyo na wokovu."